Mpaka Msimu

Duka la baba halikuwahi kupata tawi. Lilikuwa chumba kimoja Bariadi mjini, chenye rafu za mbao na mizani ya mawe, likiuza yale yale yanayouzwa na kila duka la mtaa: sukari, chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya taa, viberiti, betri za tochi, na vitenge viwili vitatu vilivyoning'inizwa juu. Lilidumu kuliko maduka mengi yaliyolizunguka, likasomesha watoto, likajenga nyumba ya bati. Lakini halikukua. Tangu baba alipofariki nimekuwa nikilizunguka jambo hili, mwanzoni nikiwa na kinyongo kidogo, kana kwamba kuna kitu alitunyima. Polepole kinyongo kimegeuka kuwa swali, na swali lenyewe limekataa kunipa jibu moja.

Aliyenisaidia kuliuliza kwa utulivu ni mfanyabiashara wa Kiyahudi wa Uingereza, Simon Marks, aliyefariki mwaka 1964, kabla mimi sijazaliwa. Nilikutana na jina la baba yake kabla ya kukutana na lake, na nilikutana nalo kwenye kola ya shati.

Mama alikuwa akiuza mitumba. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, nguo za mitumba zilianza kufika hadi kwenye magulio yetu, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliothubutu kununua belo zima bila kujua ndani kuna nini. Belo likishakatwa kamba, alichukua nguo moja moja, akaipindua, akavuta mshono wa kwapani kwa vidole viwili, kisha akaangalia lebo. Zile zilizoandikwa St Michael alizitenga. Yeye ni Mkatoliki, na aliamini kwamba waliozishona wamejiweka chini ya Malaika Mkuu Mikaeli. Hata hivyo hakutegemea imani peke yake. Mshono wake haufumuki, alisema, na rangi yake haiishii kwenye maji ya kwanza. Aliziuza kwa bei ya juu kidogo, na wateja wake wakazoea kumuuliza kama amepata "zile za Mikaeli".

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mikaeli huyo alikuwa Michael Marks, mzaliwa wa Slonim, mji ambao leo uko Belarus na wakati huo ulikuwa ndani ya dola ya Urusi. Aliingia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880, kipindi ambacho Wayahudi wengi walikuwa wakiikimbia dola hiyo kwa sababu ya ufukara na mashambulizi dhidi yao. Alitembeza bidhaa vijijini akiwa amezibeba mwilini, na mwaka 1884 akaweka meza kwenye soko la Kirkgate, mjini Leeds. Simon, mwanawe, alizaliwa mjini humo mwaka 1888. Ndiye aliyeirithi biashara na kuikuza hadi ikawa miongoni mwa maduka makubwa ya Uingereza, na mwaka 1928 akaisajili nembo ya St Michael kwa heshima ya baba yake. Nilimweleza mama habari hizo nikidhani atasikitika kumpoteza malaika wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ni mtoto aliyemkumbuka baba yake. Basi si vibaya," akaendelea kukunja nguo zake.

Huku kwetu Myahudi tunamjua kwanza kutoka kwenye Biblia, halafu kutoka kwenye habari za vita, na kati ya hapo hatuna mtu. Mitaani utasikia wakisema Wayahudi wamezaliwa na akili ya biashara, kama vile tunavyosema kuhusu Wahindi wa Mwanza na Shinyanga. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na sina hakika kama kuna siku nilikaa nikayapinga. Lakini nikiifuatilia habari ya Michael Marks hatua kwa hatua, damu siioni mahali popote. Namwona mwenye ghala mmoja, Isaac Dewhirst, ambaye inaelezwa alimkopesha pauni 5 za kuanzia. Dewhirst huyo hakuwa Myahudi. Namwona pia Tom Spencer, mtunza fedha wa Dewhirst, akiweka pauni 300 mwaka 1894 na kuwa mbia wa nusu kwa nusu, ndiyo maana biashara hiyo hadi leo inaitwa Marks & Spencer. Tena naona umati wa wachuuzi wengine, Wayahudi kama yeye, waliotembea barabara zile zile na kufa wachuuzi. Huko Slonim alikotoka, Wanazi waliwaua karibu Wayahudi wote wa mji katika miaka ya 1941 na 1942. Mtu anaweza kuwa hai na kuwa na duka kwa sababu tu alipanda meli mapema.

Kilichonishika zaidi ni jambo la bei. Michael Marks hakujua Kiingereza vizuri, na biashara ya sokoni ni maneno. Sasa asiyekuwa na lugha atavutanaje na mteja? Akatenga sehemu ya meza yake, akaweka bango la kuwaambia watu wasiulize bei kwa sababu kila kitu hapo ni peni moja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kila kitu kilichofuata. Nadhani ni jambo la unyenyekevu mkubwa, kwamba msingi wa biashara iliyokuja kusimama karibu kila mji wa Uingereza ulikuwa upungufu wa mtu mmoja ambaye hakuweza kubishana.

Baba yangu alikuwa na lugha. Alizungumza Kisukuma cha ndani kabisa, kile cha wazee, na alimjua kila aliyeingia dukani: ukoo wake, shamba lake liko upande gani wa mto, alivuna marobota mangapi mwaka uliopita. Bei yake ilitegemea uso. Mjane alipimiwa sukari na mkono ukaelemea upande wake, na mwenye ng'ombe wengi hakupata punguzo. Hakuna bango lililowahi kubandikwa kwenye ukuta wake, hata lile la "leo pesa, kesho mkopo" ambalo majirani wote walikuwa nalo.

Yeye alikopesha. Simiyu, mkoa wetu, ni nchi ya pamba, na mwaka wa mkulima wa pamba una miezi mirefu isiyo na shilingi. Anapanda kuanzia Novemba, anapalilia, anapiga dawa, anavuna, na ununuzi hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka, mara nyingi Mei. Kati ya mbegu na mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, watoto wanahitaji sabuni na chumvi kila wiki. Kwa hiyo mtu alikuja dukani, akachukua anachohitaji, akasema "mpaka msimu," na baba akaandika.

Madaftari hayo ninayo. Ni kaunta buku zenye jalada gumu, baadhi zimeliwa na mchwa pembeni. Majina ya watu ni machache humo. Wengi wameandikwa kwa namna baba alivyowatambua: mke wa fundi baiskeli, kijana wa kisimani, mzee wa mbuzi weupe. Mbele ya kila mmoja kuna kitu alichochukua, kiasi, na neno "msimu". Deni likilipwa alipiga mstari kwa rula, ulionyooka sana, kana kwamba anapamba. Kuna mistari michache iliyopigwa kwa mkono mtupu, bila rula, na pembeni yake ameandika "tumesamehe". Nikiwauliza wazee, wananiambia huyo alikufa, au shamba lake lilichukuliwa na maji mwaka ule. Kuna misimu pia ambayo malipo ya pamba yalichelewa, na kurasa za miaka hiyo hazina mistari kabisa. Nakumbuka rafu za miaka hiyo zilivyokuwa.

Wahenga wanatuambia mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na daftari, na habari zote alikuwa nazo, na bado mali ilipotea mbele ya macho yake huku akiiandika kwa uangalifu. Kwa hiyo nilikuwa nahukumu kwamba mkopo ndio uliolizuia duka lisikue, kwamba angekuwa na bei moja kwa wote na pesa mkononi, kama Michael Marks, leo tungekuwa na duka Maswa, lingine Lamadi, lingine Mwanhuzi. Bado sijaiacha hukumu hiyo yote. Ila nimeanza kuyaona mashimo yake.

Shimo moja ni la historia. Michael Marks alifariki mwisho wa mwaka 1907, Simon akiwa na miaka 19. Ulifuata mvutano mrefu kuhusu nani aishike kampuni, na Simon akawa mwenyekiti mwaka 1916. Tangu hapo aliiongoza hadi alipofariki akiwa ofisini mwezi Desemba 1964. Ni karibu nusu karne. Ndani yake kulikuwa na vita viwili vya dunia, mabomu yaliangukia maduka yake, lakini hakuna aliyemwambia afunge kwa sababu duka la mtu binafsi ni kosa. Babu yangu aliambiwa hivyo. Alikuwa na kiduka kijijini upande wa Itilima, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilipokuja, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Bidhaa zikawa zinatoka kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, na baada ya muda zikawa hazitoki kabisa. Baba hakurithi duka. Alirithi mizani na jina la mtu aliyewahi kuwa na duka, akaanza upya milango ilipolegezwa.

Hata waliokuwa wakubwa walikutana na wimbi hilo. Sir Jayantilal Keshavji Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928, alikulia Bukene, mkoani Tabora, ambako baba yake alikuwa na duka. Familia ikapanda kutoka duka hadi vinu vya kusaga nafaka Dar es Salaam. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vikataifishwa. Mwalimu Nyerere akamwomba Chande abaki kukiendesha kwa niaba ya umma kile kilichokuwa mali ya familia yake, naye akakubali. Akaendelea kutumikia mashirika ya umma kwa miaka mingi. Hilo nalitafakari mara nyingi. Kulikuza duka la baba ni kazi moja, na kuendelea kulisimamia likiwa si lako tena ni kazi nyingine. Sijui ni ipi inayohitaji moyo mkubwa zaidi. Sisemi pia kwamba Operesheni Maduka haikuwa na sababu. Wapo wazee wanaokumbuka wenye maduka walioficha chumvi ili bei ipande. Nasema tu kwamba ninapomlinganisha baba na Simon Marks, nawalinganisha watu waliopewa muda usiolingana.

Shimo la pili ni la Simon mwenyewe, na ndilo linalonisumbua kwa namna nzuri. Ukiangalia alichorithi, hakukilinda kilivyokuwa. Bei ya peni moja ilikufa wakati wa vita ya kwanza ya dunia, gharama zilipopanda. Mwaka 1924 alikwenda Marekani kutazama maduka makubwa yanavyofuatilia kila kinachouzwa, akarudi akaanza kubadilisha karibu kila kitu. Badala ya peni aliweka ukomo mpya, kwamba hakuna kitu dukani kitakachozidi shilingi 5 za Kiingereza. Akawaruka wauzaji wa jumla akanunua moja kwa moja viwandani, jambo lililowakasirisha sana wauzaji hao. Kiwanda cha soksi na fulana cha Corah, mjini Leicester, kilikuwa cha kwanza kukubali. Katika miaka ya 1930 alijenga maabara ya kupima vitambaa. Kwa hiyo mshono ambao mama aliuvuta kwa vidole viwili kwenye gulio la Bariadi ulikuwa umetokana na utaratibu uliolelewa kwa miongo mingi na watu waliokuwa na kazi hiyo hiyo ya kuvuta na kupima, ila wao kwa vyombo.

Hakuyafanya peke yake. Rafiki yake wa shule ya Manchester, Israel Sieff, alimwoa dada yake, naye akamwoa dada wa Sieff, na wawili hao waliendesha kampuni bega kwa bega kwa miaka mingi. Walikuwa pamoja pia nyuma ya Chaim Weizmann katika harakati zilizozaa taifa la Israeli, jambo ambalo hadi leo watu hawalisemi kwa sauti moja, na mtu akiandika maisha ya Simon bila kulitaja atakuwa ameandika nusu.

Kuna mambo mawili katika maisha yake ninayoyarudia zaidi. La kwanza ni la Flora Solomon, mwanamke mzaliwa wa dola ya Urusi, aliyemwambia usoni wakiwa mezani kwa chakula, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwamba namna wasichana wa madukani kwake wanavyoishi ni aibu, kwamba wengine wanashinda njaa kazini kwa sababu mshahara hautoshi. Mtu mwenye maduka kila kona angeweza kubadilisha mazungumzo. Yeye alimwajiri Solomon akarekebishe, na zikaja kantini za bei nafuu, madaktari, hata madaktari wa meno wa wafanyakazi. Naona kwamba duka lilikuwa limekua hadi mwenyewe hawezi tena kuziona nyuso zilizomo, na ilibidi mtu wa nje aje amwambie. Hiyo ndiyo gharama ya kukua ambayo sikuwa nikiihesabu. Baba asingehitaji kuambiwa nani ana njaa.

La pili lilitokea mwaka 1956, Simon akiwa na miaka zaidi ya 60. Aliona kwamba kampuni imezama kwenye makaratasi: kadi za stoo, fomu za kuomba bidhaa, kadi za saa za kuingia na kutoka kazini. Akaanzisha kampeni ya kuyaondoa. Muuzaji akaruhusiwa kuingia stoo akachukua anachohitaji bila kujaza fomu. Inakadiriwa karatasi milioni 26 ziliondolewa, tani 120 kwa uzito. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wengi ni waaminifu, na kuwalinda wote kwa ajili ya wachache wasio waaminifu kunagharimu kuliko kinachoibwa.

Niliposoma hilo niliyatoa madaftari ya baba nikayaangalia upya. Kwa Simon karatasi ilikuwa ushahidi kwamba watu hawaaminiani, kwa hiyo aliitupa. Kwa baba karatasi ndiyo iliyowezesha kumwamini mtu asiye na shilingi mfukoni, kwa hiyo aliishika hadi kufa. Nimejaribu kuona nani kati yao alikuwa sahihi na nimeshindwa, kwa sababu naona wote wawili walikuwa wakitafuta njia ya kumwamini mteja au mfanyakazi bila kufilisika. Mmoja alikuwa na watu maelfu asiowajua, mwingine alikuwa na mia chache aliowajua mno.

Na hata lile la bei inayotegemea uso, ambalo nilikuwa nalipenda kwa baba, siku hizi linanipa mashaka. Kwa nini mtu alazimike kuonekana maskini ndipo apimiwe vizuri? Palipo na kuvutana, anayelipa zaidi mara nyingi ni mgeni, mtoto aliyetumwa, au mtu mwenye haya. Bei moja kwa wote humwacha kila mtu na heshima yake. Huingii dukani kuomba. Michael Marks, mgeni asiye na lugha, bila shaka alijua jinsi ilivyo kusimama mbele ya muuzaji na kushindwa kujitetea. Lakini bei moja haimjui mjane. Peni ni peni, na asiye nayo anarudi nyumbani bila chumvi. Kila nikifika hapo nageuka nyuma tena.

Mdogo wangu ndiye anayeliendesha duka sasa. Amebandika bei kwenye rafu, anapokea malipo kwa simu, na anataka tufungue tawi Lamadi, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza na Musoma, ambako watu wengi ni wapita njia. Hesabu zake ni nzuri kuliko zangu. Tunachobishania ni mkopo. Anasema Lamadi hatakopesha kabisa, kwa kuwa hatajua mtu, na kwamba hata Bariadi ni wakati wa kuacha. Mimi namwambia Lamadi afanye hivyo, lakini hapa Bariadi abakize kurasa chache kwa wale wa pamba, awekee kila mmoja ukomo kama Simon alivyoweka shilingi 5, ili likija tatizo tusamehe bila kufunga duka. Yeye anauliza nani ataamua nani aingie kwenye kurasa hizo, na kwa kigezo gani, baba akiwa hayupo. Nimemwambia aniachie hadi Mei, ununuzi utakapofunguliwa, tuone wangapi watakuja kulipa wenyewe. Hajakubali, na ananiambia bei ya fremu kule Lamadi haitasubiri hadi Mei.